Nyumba ya Mlango Mmoja

Aneth ukimtaka Singida mjini huna haja ya kuuliza mara mbili. Nenda nyuma ya soko, sikiliza cherehani inayokwenda bila kupumzika, hapo ndipo alipo, futi shingoni, pini mdomoni, na mdomo huohuo wenye pini unaongea. Ni fundi hasa. Ukimpelekea kitambaa akakuambia Ijumaa, Ijumaa utavaa. Mafundi wangapi unaowajua wa namna hiyo? Ana mume mpole, Nathan, anayetengeneza mashine za kukamua alizeti, na mtoto mmoja wa kiume, Leonidas. Na ana mama, bi Theodora, anayeishi kule Mtinko. Habari hii ni ya huyo mama, ingawa aliyeiharibu ni Aneth. Nalisema mapema ili asije mtu akamwonea huruma kabla ya wakati.

Bi Theodora alifiwa na mume Aneth akiwa bado anabebwa mgongoni. Hakuolewa tena. Alilima alizeti, akalima vitunguu, akafuga kuku, na binti alipokataa shule akitaka kushona, mama akauza ng'ombe wake wa maziwa ili cherehani ipatikane. Alishinda akinywa chai ya rangi miaka yote iliyofuata na hakumsimanga mtu. Ndiye mama mwenyewe huyo. Maneno machache, mikono mikubwa, na adabu ambayo hakuna mtu angeweza kuipunguza hata kwa shoka.

Na katika adabu hiyo kuna hili: kwenye ukoo wao, mama mkwe na mume wa binti yake hawalali chini ya paa moja. Hawapeani mikono, hawali meza moja, wakikutana mlangoni mmoja anampisha mwenzake. Choo na bafu ndiyo usiseme kabisa. Si chuki hata kidogo. Bi Theodora alimpenda Nathan kuliko watu wengi waliozaliwa tumboni mwa mama yake, na Nathan, akisikia tu mkwe yuko njiani anakuja, huvaa shati la mikono mirefu. Lakini kupendana kwao kulikuwa kwa mbali, kama ilivyotakiwa.

Kwa hiyo bi Theodora akija mjini hushinda kwa Aneth wakati Nathan yuko kazini, na jua likianza kushuka anachukua kikapu chake anakwenda kulala kwa Lea, mwanakwaya mwenzake wa zamani, nyumba ya tatu kutoka pale. Jambo hili lilimkera Aneth mno. Majirani wake wengi ni wa kuja, hawajui mila za Wanyaturu, nao watu kwa kuuliza hawajambo. "Mama Leonidas, mbona mama yako unamlaza kwa watu? Nyumba nzima hiyo!" Aneth alikuwa anacheka, halafu akiingia ndani anasonya. Mambo ya kizamani haya, alikuwa anasema. Aliyasema kwa sauti ndogo, lakini aliyasema.

Sasa pembeni mwa ziwa Singidani kuna mahali pa mapumziko panaitwa Mawe ya Ziwa. Mapazia yote ya pale kayashona Aneth. Mwenye mali alifurahi sana na ile kazi, akamwambia alete familia yake wakae siku mbili, vyumba viwili, chakula na vyote juu yake. Habari hii ilimkuta bi Theodora ametoka hospitali, presha imempanda, daktari amempa vidonge vya kila asubuhi na kumwambia mambo mawili: anywe maji mengi, na apumzike. La maji alilielewa. La kupumzika lilimshangaza.

"Nikapumzike nimechoka nini?" akauliza.

"Mama, ziwa! Utakaa tu, unaletewa chakula, unaangalia ndege."

"Ndege hata huku wapo. Na vyumba vikoje huko?"

"Kila mtu na chake, mama. Kila chumba na mlango wake na choo chake. Ningekupeleka mahali pa aibu mimi?"

Mama akakubali. Neno la mtoto wake lilimtosha.

Walifika mchana, watatu tu, Leonidas akiwa shuleni. Nathan na mkwe wake walibaki kwenye gari wakishusha mizigo, kila mmoja upande wake wa gari, na Aneth akatangulia mapokezi. Pale alikuwapo dada mmoja mchangamfu, Catherine, aliyemfahamu tangu siku za kupima madirisha.

"Dada Aneth, samahani sana, yaani hata sijui niseme nini. Tuna watu wa semina, wamekuja wengi kuliko walivyosema, na vile vyumba vyenu wameingia. Lakini bosi kasema usiangushwe. Mnapewa nyumba ya familia!"

Moyo wa Aneth uliruka. Nyumba ya familia aliijua vizuri. Aliipima mwenyewe, akaishonea mapazia ya rangi ya samli, na siku ya kuyatundika alikaa kwenye kochi lake peke yake akijifanya ni kwake. Sebule kubwa, vyumba viwili vinavyotazamana, kati yao bafu moja lenye lile sinki refu la kuogea ambalo mtu analala ndani kabisa, na baraza inayotazama maji. Mlango wa kuingilia ni mmoja tu.

Catherine hakuwa amemaliza. "Ila nimeona una mzee. Kama hapendi kuchanganyika, kuna kachumba kadogo huko nyuma karibu na jikoni. Kanaangalia tangi la maji tu, lakini kasafi, na kana choo chake. Nikupe na ufunguo wake?"

Hapo ndipo palipokuwa na njia panda, na hakuna aliyemshika Aneth mkono kumvuta upande wowote. Kusema "nipe" ni neno moja tu. Angesema, mambo yangekwisha, na mimi ningekuwa na kazi nyingine ya kufanya leo.

"Hapana, asante," akasema. "Nyumba inatosha."

Baadaye alijipa sababu nzuri. Alijiambia alitaka mama yake alale karibu naye hata mara moja kabla hawajafa. Ni kweli, alitaka. Lakini kuna sababu nyingine iliyokuwa chini ya hiyo, na hiyo ndiyo iliyomtafuna: alitaka picha. Alitaka mtaa mzima uone mama yake amekaa kwenye kochi lile, mume pembeni, mapazia nyuma, familia moja nyumba moja, ili wale wa "mbona unamlaza kwa watu" wafunge midomo. Ukimweka mama yako kwenye kachumba ka tangi la maji, picha utapiga ya nini?

Akatoka nje uso mkunjufu. "Vyumba vimejaa, jamani. Imebaki nyumba moja tu, ya familia."

Nathan alijikuna shingo. "Basi mimi nirudi nikalale nyumbani. Kesho nitakuja."

"Uondoke? Mwenye mali akiuliza nimjibu nini? Mume wangu kaikataa zawadi?"

Nathan hana ubishi, na hili ndilo kosa lake pekee. Akachukua begi lake kutoka garini. Bi Theodora alikuwa amefika kizingitini, akasimama, akaangalia ndani muda mrefu bila kuingia.

"Choo kiko wapi?"

"Pale katikati, mama."

"Cha wote?"

"Cha wote, lakini kina komeo."

"Hakuna pengine popote?"

Mtu akikuuliza swali moja kwa upole namna ile, akikuangalia usoni, na wewe jibu unalo mfukoni! Aneth aliangalia viatu vyake. "Hakuna, mama."

"Haya. Kama hakuna, hakuna."

Jioni ile ingekuwa ya kuchekesha kama isingekuwa ya aibu. Nathan akiingia sebuleni, bi Theodora anatoka barazani. Nathan akitoka barazani, bi Theodora anazunguka ukuta. Ungewaona watu wazima wawili wanaizunguka nyumba moja ungedhani wanacheza kombolela. Mwishowe Nathan akakimbilia kwenye mawe kando ya maji, akakaa huko akirusha vijiwe ziwani mpaka chakula kilipoiva. Aneth alipata picha yake. Alimkalisha mama kwenye kochi, akamwita Nathan aje asimame kwa nyuma, akapiga haraka, akatuma kwenye kundi la mtaa. Sifa zikamiminika. Ukiitazama leo picha ile utaona Nathan anaangalia dari, na bi Theodora amekamata kitenge chake kwa mikono miwili kama mtu aliyeko kwenye upepo.

Mama alikula ugali kidogo na kuku. Chai akaikataa. Maji akayakataa. Juisi ililetwa, akasema imemtosha kuiona.

"Mama, daktari alisema unywe maji."

"Nimekunywa, mwanangu."

Hakuwa amekunywa. Asubuhi Aneth alilikuta jagi la chumbani kwa mama limejaa vilevile, glasi imefunikwa kwa kitambaa, na pakiti ya vidonge juu ya meza haijaguswa. Alisimama pale akaelewa yote mara moja, kwa sababu si mjinga. Vile vidonge ukivimeza vinakukimbiza chooni. Maji nayo ni vilevile. Na choo kiko kati ya mlango wake na mlango wa mkwe wake, na kuta za pale zinapitisha hata kikohozi. Mama yake alikuwa anajikausha mwenyewe, kwa makusudi, ili Nathan asije akasikia mlango wa choo ukifunguliwa na mama mkwe.

Nafsi ilimsuta Aneth. Angeweza bado kwenda mapokezi. Lakini kwenda kuomba ufunguo ni kukiri kwamba ufunguo ulikuwepo tangu jana, na hapo ndipo aliponasa. Uongo ni kama ng'ombe: ukishaufuga, kila siku lazima uukatie majani. Akajiambia, leo tu, kesho tunaondoka. Watu wangapi wamezikwa na "leo tu"?

Alipotoka barazani alimwona mama yake anarudi kutoka kwenye vichaka vya nyuma ya mawe, pindo la kitenge limelowa umande, anatembea upesi akiangalia kushoto na kulia asionekane na watu wa semina. Bafu la vigae liko ndani, na mwanamke wa umri ule amekwenda kujistiri porini.

"Mama, umetoka wapi?"

"Nilikuwa naangalia ndege. Si ulisema kuna ndege?"

Ndege walikuwa upande wa pili wa ziwa, weupe na wa waridi, wengi, mbali kabisa. Aneth alitamani ardhi ipasuke. Lakini ardhi ya Singida ni mawe, haipasuki ovyo, akaingia ndani akajifanya anakunja nguo.

Jua la pale likipanda halina mchezo. Mama alikataa kukaa sebuleni, akakaa barazani kwenye kigoda, mgongo kwa nyumba, midomo imekauka. Aneth akaenda kuoga. Naam, kwenye lile sinki refu! Alikuwa amelingoja tangu siku ya mapazia. Alikuwa amelala humo povu likiwa kidevuni, anajilazimisha kufurahi, aliposikia Nathan anaita jina lake kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia katika ndoa yao yote.

Nathan alikuwa anatoka ziwani kuja kuchukua maji ya kunywa. Bi Theodora alimwona anakuja, akasimama upesi ili ampishe, na kusimama kule ndiko kulikomwangusha. Alianguka kwenye ngazi za baraza kama gunia. Nathan akaita, hakuna jibu. Akaita tena. Mkwe wake yuko chini, macho yamegeuka, na mila inasema usimguse. Unajua alifanya nini yule kijana? Alivua koti, akajizungushia mikononi ili ngozi isiguse ngozi, akamfunika mama uso kwa pindo la kitenge alichovaa mama mwenyewe, akamwinua. Aneth alitoka na khanga moja, maji yanachuruzika, akamkuta mumewe anakwenda na mama mikononi kuelekea kwenye gari, kichwa amekigeuza pembeni kabisa, analia kwa sauti kama mtoto. Catherine alikuja mbio kutoka mapokezi, akapanda nao.

Zahanati haikuwa mbali. Muuguzi akamtundikia dripu, akamfungua macho, akawageukia.

"Mama amekauka maji kabisa. Na presha iko juu. Vidonge vyake anakunywa?"

Aneth alifungua mdomo, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya mama yake pale kitandani, nyembamba sana. "Nilivisahau nyumbani. Uzee huu."

Vidonge Aneth alivifunga mwenyewe kwenye kikapu. Vilikuwa mezani, karibu na jagi. Mama yake, mwanamke ambaye hakusema uongo hata kwa mkaguzi wa mazao, alikuwa anamdanganya muuguzi akiwa na sindano mkononi, ili binti asionekane mbaya. Aneth aliuma midomo akatazama dripu inavyodondoka.

Ndipo Catherine, kwa moyo mzuri tu, bila kujua anafunua nini, akasogea kitandani. "Pole sana, mama yangu. Ningejua una hali hii ningesisitiza. Dada Aneth, kile chumba cha nyuma nilichokuambia jana bado kiko wazi. Akitoka hapa apumzike humo, kina choo chake, hakuna wa kumsumbua."

Nathan alikuwa mlangoni, amegeukia nje kama inavyompasa. Akageuka taratibu, akamtazama mkewe.

Bi Theodora akafumbua macho. "Kilikuwepo?"

Kulikuwa na njia ya kukwepa hata hapo. Aneth aliiona, na kwa mara ya kwanza katika siku mbili hakuifuata. "Kilikuwepo, mama."

"Tangu jana?"

"Tangu jana."

Mama akasema, si kwa ukali, afadhali ungekuwa ukali: "Mimi nilidhani umekwama. Nikasema mwanangu hana namna, nisimwongezee mzigo." Akafumba macho tena, akageuzia uso ukutani.

Alipona. Alipotoka zahanati alikwenda kwa Lea, na kutoka kwa Lea akarudi Mtinko bila kupita kwa Aneth. Nathan hakugomba. Alikula alichopikiwa, akashukuru, akaenda kazini. Kitu kimoja tu alishughulika nacho: kondoo. Kwao, mkwe akimgusa mkwe, hata kwa bahati mbaya, hupeleka kondoo ili heshima irudi mahali pake. Nathan akatafuta kondoo mzuri, akampigia simu mjomba Ezekieli, kaka yake bi Theodora, kuomba siku ya kumpeleka.

Mjomba akapiga siku ya pili, lakini alimtaka Aneth. "Dada yangu anasema kondoo wa Nathan hampokei. Nathan alibeba mgonjwa, hana kosa. Kondoo umlete wewe."

"Mimi? Mjomba, mimi mtoto wake! Mtoto hatoi kondoo. Kondoo wanatoa wakwe."

"Nami nimemwambia hivyohivyo," mjomba akasema. "Akanijibu kwamba mtoto wake asingemfanyia vile, kwa hiyo huyu atakuwa mkwe."

Aneth alifunga kibanda siku hiyo, wateja wakagonga wakachoka. Kesho yake akaenda Mtinko, kitenge hadi kwenye vifundo vya miguu, kamba ya kondoo mkononi. Mwenye kondoo wa heshima haingii uani. Husimama pale uzio unapoishia mpaka aitwe. Uani pale Aneth alitambaa, alianguka, aliota meno, na mpaka mwezi uliopita alikuwa anaingia bila hodi, anapitiliza jikoni, anafunua sufuria. Sasa alisimama nje na kondoo wake, na watoto wa jirani wakamkodolea macho.

Mama alikuwa anapepeta alizeti. Alimwona. Akaendelea kupepeta mpaka ungo ukaisha, akaukung'uta, akauweka chini, ndipo akaja.

Aneth alipiga magoti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nimekuja kwa kosa langu. Naomba unisamehe."

"Nimekusamehe." Akaipokea kamba, akamfunga kondoo kwenye kigingi, akampapasa mgongo akiona kama ana afya. Alisema kweli, hakuna hata chembe ya hasira usoni mwake, na jambo hilo lilimtisha Aneth kuliko yote. Mama akaingia ndani akatoka na kigoda, akakiweka nje, kivulini mwa uzio, mahali wanapokalishwa wageni wa heshima. "Kaa. Habari za huko mjini? Mume hajambo? Mtoto hajambo?"

"Hawajambo, mama."

Aneth alikuwa radhi achapwe na mwiko mbele ya majirani wote. Badala yake aliulizwa habari za mvua, habari za kazi, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio, kama anavyoulizwa mtu aliyetoka mbali. Alijibu zote. Jua likaanza kuinama. Magari ya kurudi mjini yalikuwa yamekwisha, na mama yake alilijua hilo kama yeye alivyolijua. Aliangalia mlango wa nyumba aliyozaliwa, akamwangalia mama yake, akangoja.

Bi Theodora alisimama, akafunga vizuri kitenge chake. "Giza linakaribia," akasema kwa upole. "Wewe mgeni wetu utalala wapi?"